Kichwa Kiko Chumba cha Pili

Mashine niliyoandikia hadithi yangu ya kwanza haikuwa na kichwa. Sisemi kwa mafumbo, ndugu msomaji. Kioo ilikuwa nacho, tena kile kinene chenye kisogo kirefu kinachojaza nusu ya meza. Kibodi ilikuwa nayo, ingawa herufi A na N zilikuwa zimefutwa na vidole vya waliotutangulia. Kipanya kilikuwapo, chenye gololi tumboni. Lakini ukilifungua boksi lenyewe, pale panapokaa diski palikuwa patupu: waya mmoja unaning'inia, na skrubu nne zisizoshika kitu.

Mwaka ulikuwa 2009, na mahali ni chuo kimoja cha Dar es Salaam, ghorofa ya pili, chini yetu wauza vipuri vya magari. Kompyuta zilikuwa 20, zote mtumba kutoka Ulaya. Diski zake zilikuwa zimeng'olewa hukohuko kabla hazijapanda meli, maana wenyewe nao hawapendi siri zao zisafiri. Kompyuta ya namna hiyo ukiiweka peke yake mezani ni kama redio isiyo na betri. Haifanyi lolote. Haijui hata kazi yake.

Kichwa kilikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango wenye kufuli mbili. Huko kulikuwa na mashine moja tu, nyeusi, inavuma usiku na mchana. Hiyo ndiyo seva. Zile 20 za kwetu ziliitwa terminali. Fundi, ambaye alipenda kusema mambo kwa mkato, alituambia siku ya kwanza: "Nyie huku mna macho na vidole. Akili iko kule kwangu."

Kule kwangu! Yashike maneno hayo, maana yana kazi mbele.

Hebu nieleze inavyokuwa, kwa sababu wengi waliokaa kwenye vioo vile walimaliza chuo bila kujua. Asubuhi ukibonyeza swichi, terminali inaamka haina habari ya jana. Ndani yake kuna kadi ya mtandao yenye namba iliyotoka nayo kiwandani, na inachojua ni kupiga kelele kwenye waya: jamani, mimi ni namba fulani, kuna anayenijua? Seva inasikia, inajibu: chukua anwani hii, halafu njoo hapa uchukue mfumo wako. Terminali inauvuta ule mfumo kupitia waya, kipande kwa kipande, inauweka kwenye kumbukumbu ya muda, na baada ya kitambo unaona mahali pa kuandika jina lako na neno la siri. Jioni ukizima, vyote vinamwagika. Kesho yake inaanza tena: jamani, kuna anayenijua?

Ukishaingia, kila kitu ni kwenda na kurudi. Ukibonyeza herufi K, ile K haiandikiki pale ulipo. Inaingia kwenye waya, inapita kwenye kisanduku cha kuunganishia nyaya, inafika chumba cha pili, inapokewa na programu ya kuandikia inayoendeshwa hukohuko, inawekwa mahali pake katika sentensi yako, ndipo amri inarudi: chora K pale. Wewe unaona umeandika. Kwa kweli umeomba, na ombi limekubaliwa. Yote hayo kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikamata, mpaka siku seva izidiwe. Siku hiyo unaandika neno zima, unakunja mikono, halafu herufi zinakuja mojamoja kama abiria wanaoshuka kwenye daladala iliyoshona.

Na ikianguka kabisa? Hapo kulikuwa na kituko. Kazi ya kuchora kile kishale cha kipanya ilikuwa miongoni mwa kazi chache zilizofanyika kwenye terminali yenyewe. Basi seva imekufa, wewe unasogeza kipanya, kishale kinatembea vizuri tu juu ya picha ya kazi yako, kushoto, kulia, juu, chini. Unabonyeza. Hakuna anayeitika. Wanafunzi wapya waliendelea kubonyeza wakidhani mashine iko hai. Sisi wazoefu tulikuwa tumeshaanza kukusanya madaftari.

Usidhani mpango huu ulibuniwa kwa ajili yetu sisi wa mtumba. Ni wa zamani kuliko kompyuta ya mezani. Kule Marekani, mwezi Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walionyesha jinsi watu kadhaa wanavyoweza kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth, walimu wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, wakaanzisha mfumo wao, na siku hiyohiyo lugha yao ya BASIC ikafanya kazi kwa mara ya kwanza. Terminali za wakati ule hazikuwa hata na kioo: zilikuwa mashine za chapa zinazogonga majibu kwenye karatasi. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Kompyuta ni ghali mno, na binadamu ni mzito mno wa kufikiri. Wakati mmoja anakuna kichwa, mashine imuhudumie mwingine. Ikizunguka haraka vya kutosha, kila mtu ataona ni yake peke yake.

Kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na vijana wa zama zile wakakua bila macho wala vidole, achilia mbali akili. Wenzetu huko nje mwaka 1981 walipata kompyuta ya IBM ya mezani, kila mtu na kichwa chake, wakasherehekea. Baadaye wakaanza kuhesabu gharama: vichwa mia ni virusi mia, ni mafundi kumi, ni programu mia za kununua na kuzirekebisha mojamoja. Kufika mwaka 1999 wakawa wamerudi walikotoka. Mwaka huo kampuni ya Sun ilitoa terminali zake za Sun Ray: unachomeka kadi yako, unafanya kazi, unaichomoa, unakwenda kuichomeka ghorofa nyingine, na kazi yako inakufuata kama ulivyoiacha, dirisha lililo wazi likiwa wazi vilevile. Mwaka huohuo ukaanza mradi wa LTSP, wa bure, wa kuzifufua kompyuta chakavu kwa kuziunganisha na seva moja ya Linux. Huo ndio uliotufufulia sisi.

Nitakuwa mwongo nikisema mpango wetu ulikuwa mbovu. Ofisi ya uhasibu ya chuo ilikuwa na kompyuta kamili, kila moja na diski yake, na kila wiki fundi aliitwa huko mara virusi, mara diski imekufa na hesabu za muhula mzima. Kwetu, terminali ikifa unahamia ya jirani, unaandika jina lako, unakuta kila kitu chako kinakungoja. Umeme ukikatika vioo vinazimika lakini seva ina betri yake, inapumua hadi izimwe kwa heshima. Hata mwizi hakuzitaka: nani anunue kompyuta isiyo na diski? Na kila Ijumaa jioni fundi alinakili kazi zetu zote kwenye diski ya pembeni na kuondoka nayo mkobani. Kazi za watu, zaidi ya mia mbili, zinapanda naye daladala kwenda Mbagala.

Tatizo ni lile la nyumba ya kupanga.

Nilikuwa naishi na shangazi yangu Magomeni, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na bomba. Vyumba sita na LUKU moja. Aliyewahi kuishi hivyo hana haja ya kuelezwa. Unachanga, mmoja anakwenda kununua, anarudi na karatasi yenye tarakimu 20, anaziingiza huku wenzake wamesimama nyuma wakihesabu naye. Siku ya tatu umeme umekwisha na kesi inaanza: nani alipiga pasi usiku? Nani analala na taa? Nani ana hita ya maji? Lakini wote walijua kesi ilikuwa ya nani. Shangazi alikuwa na friji. Aliuza barafu za ubuyu na za ukwaju kwa watoto wa shule, na friji lile, kuukuu, lilikula umeme kama mgeni asiyejua chakula kimepatikanaje.

Chuoni ilikuwa vilevile. Seva yetu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 ya kugawana watu 20. Mkiandika barua nyote 20, haina neno. Akitokea mshikaji mmoja akafungua video, chumba kizima kinaganda, na watu wanageuka kutazama nyuma kumtafuta mwenye friji. Mimi nilikuwa nawatazama wote wawili, yule mwenye video na shangazi yangu, na nikaona hapa kuna hadithi. Basi nikaanza kuiandika hadithi ya ile nyumba. Jioni, baada ya vipindi, fundi alituachia saa moja.

Niliandika kwa miezi minne. Matundu ya kuchomekea flashi yalizibwa kwa kuogopa virusi. Intaneti haikufika chumba kile. Kuchapa kulikuwa shilingi 100 kwa ukurasa, na mimi nauli yenyewe ilikuwa ya kubembeleza. Kwa hiyo hadithi ilikuwa mahali pamoja tu duniani: kule kwake.

Siku moja fundi alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni, akasema taratibu, "Dogo, yule shangazi mbona hujamtolea hukumu? Wiki ya pili hii."

Nilishtuka mpaka nikaacha kuandika. Mambo yote yale niliyoyatoa nyumbani kwetu, ugomvi wa uani, deni la kodi, nani anaingia chumba cha nani, nilidhani ni baina yangu na kile kioo. Kumbe kila jioni ilikuwa inasomwa. Kwa ufundi hakuna cha ajabu hapo: mwenye kuitawala seva anafungua jalada lolote lililomo, la mwalimu, la mwanafunzi, la mkuu wa chuo. Neno lako la siri linamzuia jirani yako, halimzuii yeye. Lakini kulijua jambo kwa ufundi ni kitu kimoja, na kusikia mtu mzima anakuuliza habari za shangazi yako ni kingine.

"Kaka, kwani unasoma?"

"Kazi yangu kuangalia nani anajaza diski," akajibu. "Nikakuta hii. Nikaona si ya kozi. Nikasoma." Halafu akaongeza, kama anayeomba radhi na kama asiyeomba: "Ni nzuri, bana. Ila yule mjane umemwonea."

Sasa sikiliza, wewe uliye mwandishi au unayetaka kuwa. Nilipaswa kukasirika, na nilikasirika kweli, njia nzima mpaka Magomeni. Lakini ndani ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine kinachokua, na ningekuficha ingekuwa hiana. Hakuna mtu aliyewahi kusoma nilichoandika. Rafiki zangu wakiona karatasi walisema, "Nitaisoma kesho." Huyu alikuwa ameisoma bila kuombwa, ameifuata wiki baada ya wiki, na ana ugomvi na mhusika. Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mlinzi wa seva. Hakubisha hodi, lakini alikaa kusikiliza. Mpaka leo sijui nimuweke fungu gani.

Mwezi wa tano likaja la ada. Nilikuwa nadaiwa muhula. Chuo kilikuwa na utaratibu wake: kila Jumatatu mhasibu anapeleka orodha, na majina ya wadaiwa yanazimwa kwenye seva. Hawakufungii mlango wa darasa, hapana, hiyo ingeleta kelele na wazazi. Unaingia darasani, unakaa kwenye kiti chako, unawasha terminali, inapiga kelele yake, inapata anwani yake, inakuletea mahali pa kuandika jina. Unaandika. Inakataa. Unaandika tena taratibu, kidole kimoja kimoja. Inakataa. Mashine inajulikana, wewe hujulikani.

Nilimfuata fundi. Alikuwa amekaa mlangoni pa kile chumba, na kwa ile sauti ya chini akaniambia, "Haijafutwa. Ipo, naiona. Lakini nikikufungulia wewe, kesho ni mimi." Nikamwomba anichapie tu, nitalipa. Akatikisa kichwa. Kila ukurasa unaotoka kwenye printa unaandikwa jina na saa, na daftari lile la printa husomwa na mhasibu. Kwa hiyo tulisimama pale, mimi mwenye hadithi nisiyeweza kuiona, na yeye anayeiona lakini si yake. Kati yetu mlango wenye kufuli mbili, na yeye hakuwa mwenye mlango. Pale ndipo nilipoelewa kwamba lile "kule kwangu" lilikuwa kujigamba tu. Hata yeye alikuwa terminali ya mtu mwingine.

Miezi mitatu. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikaanza upya kwa kichwa. Nakwambia kitu: kichwa kinakumbuka kuliko unavyodhani. Mpangilio ulirudi wote, majina, mvua ya siku ile, friji likizimwa usiku na mtu asiyejulikana, barafu zikiyeyuka na kutiririka ukumbini mpaka mlangoni kwa mjane. Mahali pengine niliandika vizuri zaidi, kwa kifupi, maana mkono wa kalamu unachoka na hauna nafasi ya porojo. Nilimaliza. Shangazi nikampa hukumu yake, nikamwachia heshima yake: mwanamke anayesimama katika maji ya ukwaju, ameshika ufagio, hasemi neno.

Ada ililipwa mwezi wa nane. Ililipwa na nani? Na yeye. Upatu ulimfikia, akaweka na za barafu, akanihesabia mezani noti za elfu mbilimbili zilizonusa ubuyu. "Haya, mwanangu, kasome." Hakusema zaidi.

Jina langu likawashwa. Nikakaa kwenye terminali ileile yenye herufi zilizofutika, nikaandika neno la siri, na hadithi ikaja, na tarehe yake ya mwezi wa tano, haikupungua nukta. Nikaifungua daftari pembeni nikaanza kulinganisha mstari kwa mstari.

Katika hadithi ya seva, shangazi hakukaa kimya. Alitupa ufagio. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na kandambili zake mkononi, akilalamika maji yameingia hadi kwenye godoro, na shangazi akamwambia mbele ya nyumba nzima: "Wewe umeme wa nini? Huna hata cha kugandisha."

Neno lile nililisikia kwa masikio yangu, usiku ule ule nililiandika, na mjane alirudi ndani akafunga mlango, na kwa mwezi mzima hakuchanga wala hakuwasha taa. Alikaa gizani makusudi. Daftari langu halikuwa nalo. Katika miezi ile mitatu, nikila ugali wa shangazi, nikingoja ada kutoka kwa shangazi, kichwa changu kilikuwa kimemfanyia usafi. Kilifanya polepole, bila kuniuliza, kama maji yanavyolainisha jiwe. Seva haikula ugali wa mtu. Ilikuwa imetunza neno kama lilivyosemwa.

Na fundi ndiye aliyekuwa amesema mjane ameonewa. Alikuwa amesoma neno lile. Alilijua wakati mimi nimeshalisahau.

Nikalirudisha. Sikulirudisha kwa ushujaa. Nililirudisha kwa sababu hadithi bila neno lile ilikuwa hadithi ya friji. Jumapili moja nikamsomea shangazi yote, uani, yeye akichambua mchele. Nilipofika pale mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Nilisema hivyo kweli?" Nikamjibu ndiyo, shangazi. Akapepeta mara mbili tatu. Akasema, "Acha." Basi. Lugha yetu ina neno hilo moja kwa kukomesha kitu na kwa kukibakiza kilivyo, na sikuthubutu kumuuliza ni lipi.

Miaka imepita. Terminali zile zimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi mwanafunzi ana simu, na anajiona ana kichwa chake mfukoni. Ni kweli? Chukua kitochi cha bei ndogo kuliko vyote. Bonyeza nyota, 150, nyota, sifuri mbili, reli. Menyu ya M-Pesa inatokea. Unadhani iko ndani ya kitochi? Haimo. Kila namba unayochagua inasafiri hadi mashine za kampuni, jibu linarudi, kitochi kinachora maandishi. Ukichelewa kujibu, kule wanakata na unaanza upya. Hata fedha haimo. Ndiyo maana simu ikiibwa unakwenda kurudisha laini yako na unazikuta fedha zako zote, na ndiyo maana pia laini ikifungwa huna hata ya nauli, ingawa simu unayo mkononi na inawaka. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa hiyo mwaka ule wa 2009, bibi zetu vijijini walikuwa tayari wanatumia terminali, bila chuo na bila ada.

Na simu kubwa ya kioo ni hivyohivyo, ila imevaa vizuri. Picha ziko kwa wenyewe, barua ziko kwa wenyewe, hadithi unayoiandika usiku iko kwenye seva ambayo hujui hata bara iliko. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Watu mjini walikuwa na simu zenye chaji, zenye nafasi tele, vioo vinang'aa. Kidole kinatembea, unabonyeza, kinachoitika ni kidogo au hakuna. Niliwatazama watu kituoni Magomeni Mapipa wakibonyeza, nikakumbuka kishale kile.

Sikushauri ukimbie, ndugu mwandishi. Aliyewahi kuandika kwenye daftari moja likaliwa na mchwa au likafungiwa maandazi anajua kwamba kichwa cha peke yako nacho hufa. Seva ilinitunzia neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalifuta, na hilo nalishukuru. Lakini naichapa kila hadithi ninayoimaliza, nakala mbili. Moja nakaa nayo. Ya pili nampa mtu aisome, mtu ninayemjua jina na anayebisha hodi, na namwomba anitafutie mahali nilipomsafisha shangazi.